Maziko ya Pepa ya Daktari Semvua

Yuliana Banzi alijua kusifu. Mpe harusi ya mtu asiyemfahamu, mpe mahafali, mpe mgeni rasmi aliyechelewa mpaka watoto wa gwaride wakaanza kuanguka kwa jua: atasimama, ataweka mkono kifuani, na maneno yatamtoka yamepigwa pasi. Katika sekondari alikofundisha kompyuta, hapo Morogoro mjini, mkuu wa shule hakujisumbua kutafuta msema chochote mwingine wa sherehe. Alisema tu, "Mwiteni yule wa maneno." Na kipaji hichohicho ndicho kilichokuwa kinampeleka kudisko.

Kwa ambaye hakupita chuoni, kudisko hakuna muziki wala taa za rangi. Ni kufeli mpaka chuo kikakuambia chukua vyako uende. Yuliana alikuwa anasoma uzamili wa sayansi ya kompyuta, masomo ya Jumamosi, na kozi zote alizivuka isipokuwa moja: Usanifu wa Kompyuta Sambamba. Hizo ni kompyuta zenye prosesa nyingi zinazofanya kazi moja kwa pamoja, pamoja na ugomvi wote unaozuka zenyewe kwa zenyewe. Mwaka uliopita aliifeli. Mwaka huu alikuwa anairudia, na akiifeli tena ndiyo basi, hakuna sapu ya kurudia mtihani wala maombezi.

Kozi yenyewe haikuwa na kitabu. Daktari Abasi Semvua, aliyeileta kutoka alikosomea ng'ambo, alisema kitabu ni kiporo, kinafika mezani wakati waliopika wameshalala. Walisoma pepa tupu, yaani makala za utafiti, zenye herufi ndogo kama sisimizi na zilizoandikwa na watu ambao ni dhahiri hawakulipwa ili waeleweke. Kila Jumamosi mwanafunzi mmoja alisimama na pepa yake. Kuieleza hakukuwa na maksi nyingi. Maksi zilikuwa kwenye kuipasua: useme imeficha nini, imepima vibaya wapi, imejisifu kwa kipi isichostahili.

Hapo ndipo darasa zima lilipogeuka kamati ya harusi. Godlisten, kijana wa Kichagga aliyetunza mitambo ya benki na aliyevaa tai hata Jumamosi, alimaliza kila mara kwa kuwashukuru waandishi kwa kazi nzuri, kana kwamba wako nje wanasubiri chai. Wengine waliandika chini ya neno "udhaifu" kwamba waandishi wangeweza kuongeza mifano. Yuliana aliwapita wote. Mwaka ule aliofeli alieleza vizuri mno jinsi prosesa zinavyojulishana pindi moja inapobadilisha kitu kwenye kumbukumbu, halafu alipofika kwenye udhaifu akaweka mkono kifuani na kusema, "Kwa kweli ndugu zetu hawa wamejitahidi, tuwapigie makofi." Makofi yalipigwa. Daktari Semvua hakupiga.

"Mwalimu," aliuliza, "hiyo ni pepa au bibi harusi?"

Msimlaumu bure. Yuliana alilelewa Mgeta, milimani kwa Waluguru, kwa mjomba wake Eustace, mkulima wa nyanya, na huko mtoto hamwambii mkubwa kwamba amesema uongo, hata kama mkubwa huyo amesimama juu ya uongo wenyewe na viatu. Sembuse maprofesa wa vyuo vya mbali, wenye majina marefu kuliko shamba la mjomba. Yeye ni nani awaambie wamekosea kupima? Kila alipoiona pepa alihisi kama anapaswa kuipigia magoti na kuiamkia.

Safari hii, kura ilipopigwa, Yuliana aliangukia pepa ya miaka kumi na ushee iliyopita, juu ya mashine yenye prosesa sitini na nne iliyopanga rundo kubwa la namba kutoka ndogo hadi kubwa. Ilijigamba kwamba kazi imekwenda kasi mara hamsini. Godlisten ndiye aliyeliona jina. Alikuwa anachungulia begani kwake, kidole chake kikashuka kwenye majina ya waandishi na kusimama kwenye la mwisho.

"Dada Yuliana. Soma hapo."

A. Semvua.

"Mungu anakupenda," Godlisten alinong'ona. "Hii ni penalti bila golikipa. Wewe msifie tu, nani atamnyima maksi mtu anayemsifia? Usijitie kitanzi."

Yuliana alimshukuru Mungu kweli. Jioni ileile alitengeneza slaidi zake, na ya mwisho aliiandika kwa rangi ya dhahabu: Tunajivunia Mtanzania mwenzetu. Alikuwa bado anachagua ua la kuweka pembeni simu ilipolia kutoka Mgeta. Mjomba Eustace alikuwa amekwenda kupumzika kidogo baada ya chakula cha mchana na hakuamka.

Alipanda milima kwa lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, akiwa amekaa mbele na dereva, na hakulia. Hilo lilimshangaza. Huyu ndiye aliyemlea, aliyemsomesha kwa nyanya, aliyewatangazia watu wote wa Mgeta kwamba Yuliana wake anasomea kuzisuluhisha kompyuta zinazogombana. Alitafuta machozi njia nzima akayakosa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, akawa anauangalia tu.

Ndugu walimpa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu. Nani mwingine? Alisimama kando ya jeneza, mkono kifuani, akasema marehemu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mpenda watu wa rika zote, na kwamba ameacha pengo lisilozibika. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Mama mmoja wa mbele alipiga miayo, akaifunika kwa kanga kwa heshima. Yuliana alikunja karatasi yake na kukaa, macho makavu kama ya samaki wa mnadani.

Walipofika kaburini, kabla jeneza halijashushwa, mwanamke mmoja alipasua watu kwa kiwiko na kupita mbele. Alikuwa Maimuna, Mzigua, mchuuzi wa nyanya wa Mwembesongo, Morogoro mjini, aliyekuwa akinunua mzigo kwa mjomba tangu Yuliana akiwa msichana mdogo. Wazigua na Waluguru ni watani. Msibani mtani ana ruhusa ya kumsema maiti, kuwasema wafiwa na kuharibu utaratibu wote, na anayekasirika ndiye anayejiaibisha.

"Waluguru, poleni na msiba!" Maimuna alipaza sauti. "Nimesikia hapo mnasoma habari za mtu mwema. Nikasema jamani, nimekosea msiba? Mimi nimekuja kumzika Eustace."

Kicheko kidogo kilipita nyuma. Maimuna alijifunga kanga kiunoni, akaanza kutembea kama mjomba, makalio yakienda upande huu na yeye upande ule, kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kukosea. Alisinzia kama mjomba alivyosinzia kanisani wakati wa mahubiri, akashtuka na kupiga "Amina!" mahali pasipotakiwa. Akabishana na redio isiyokuwepo. Halafu akachuchumaa, akawa anapanga nyanya ndani ya tenga lisiloonekana: zile ndogo na zilizominywa akazilaza chini taratibu kama anaficha watoto, na zile kubwa zinazong'aa akazipanga juu, akazifuta kwa shati, akarudi nyuma kuzitazama kwa mahaba.

"Nani hapa hajapigwa na tenga la huyu mwizi? Padri, hata wewe alikupiga!"

Padri aligeukia migomba, mabega yakimtikisika. Maimuna akajitupa kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe tenga la nyanya, na safari hii zile kubwa zikae chini. Watu wazima walishikana mabega kwa kucheka. Yuliana naye alicheka, akacheka mpaka machozi yote aliyoyatafuta ndani ya lori yakaja kwa pamoja. Huyo alikuwa mjomba. Yule wa kwenye karatasi yake angeweza kuwa mtu yeyote. Ungebadilisha jina tu ukamzika nayo padri.

Baadaye, wakila ubwabwa kwenye mkeka mmoja, Yuliana alimuuliza lililokuwa linamkereketa.

"Mama, kama ulijua anakupangia tenga hivyo miaka yote, kwa nini uliendelea kununua kwake?"

"Kwa sababu nyanya zake zilikuwa tamu, mwanangu." Maimuna alijifuta midomo, na sasa macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuwa namwaga tenga lote chini, tunatukanana, tunapanga upya, ndipo nanunua. Nikifika nyumbani namkumbuka nacheka peke yangu. Wewe pale ulimsoma nani? Maana mimi nilikuwa naangaza macho natafuta maiti ni yupi."

Yuliana aliikunjua ile karatasi ya wasifu, akaisoma upya akimtafuta mjomba.

Aliporudi mjini, chumbani kwake Kilakala, Jumapili ya wiki iliyofuata, alitandika mkeka na kuzimwaga kurasa zote za pepa ya Daktari Semvua chini. Hakuzipigia magoti ya ibada. Alizipigia magoti ya mnunuzi sokoni. Nyanya kubwa aliziona mara moja, zilikuwa juu kabisa: mchoro wa mstari unaopanda kama njia ya Mgeta, na ile mara hamsini imeandikwa kwa herufi nene. Haya, alijisemea, na chini kumelazwa nini? Aliteremka ukurasa kwa ukurasa mpaka chini ya jedwali moja, kwenye herufi za kuhitaji tochi, akakuta wameandika kwamba kasi hiyo ni ikilinganishwa na programu ileile ikiendeshwa na prosesa moja.

Programu ileile. Alisoma tena, safari hii kwa kidole. Programu ya prosesa sitini na nne imejaa mambo ya kuelewana: subiri mwenzako, funga mlango, fungua mlango, mjulishe fulani. Prosesa iliyo peke yake haihitaji lolote kati ya hayo. Ukiibebesha mzigo wote huo wa maelewano halafu ukashindana nayo, utashindwaje kuishinda?

Siku ya pili alikwenda maabara ya shule, kwenye kompyuta moja kongwe, ya zamani kuliko hata pepa yenyewe, yenye prosesa moja na feni iliyokohoa, ambayo wanafunzi waliikimbia. Akaiandikia programu ya kishamba kabisa, isiyosubiri wala kumjulisha mtu, ya kupanga namba zilezile. Ilipomaliza alidhani ameharibu kitu, akairudia. Kongwe lile lilikuwa limeipita mashine ya pepa inapotumia prosesa zake nane. Ukilinganisha kwa haki, zile sitini na nne zilikuwa na kasi mara tano tu. Hamsini ilikuwa ya juu ya tenga.

Yuliana alikaa pale mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na hakuwa na furaha hata chembe. Alikuwa na woga wa kweli. Slaidi za dhahabu zilikuwa tayari, pamoja na ua. Akizisoma hizo, labda angepita. Akisema hili alilolikuta, alikuwa anamvua nguo mtu mwenye kalamu ya maksi, mbele za watu, na mtu huyo akinuna basi uzamili umekwisha. Alimpigia Godlisten.

"Dada yangu," Godlisten alisema kwa huruma, "ukweli si lazima usemwe Jumamosi hii. Pata maksi kwanza, ukweli utausema mwakani."

Kwa siku kadhaa alikubaliana naye. Lakini kila alipojaribu kuisoma kwa sauti ile slaidi ya mwisho, alimwona yule mama wa msibani akipiga miayo. Ijumaa alifuta ua.

Jumamosi alifika chuoni kwa bodaboda, kongwe la shule limefungwa nyuma kwa mpira na skrini ameipakata kama mtoto mchanga. "Shikamoo daktari," alisema. Daktari Semvua, mtu mkavu wa miwani, aliitika marahaba, akaitazama mizigo ile na kuketi kiti cha nyuma. Godlisten alimpa Yuliana dole gumba kutoka kwenye safu ya mbele. Alikuwa bado anaamini mambo ya penalti.

Yuliana alieleza pepa vizuri, kwa ukamilifu, kama alivyoweza siku zote. Halafu akafika kwenye udhaifu. Alifungua mkoba, akatoa kanga, akajifunga kiunoni juu ya sketi yake ya ofisini. Fundo lilikataa mara ya kwanza, akalifunga tena.

"Wazigua," alisema, "poleni na msiba."

Daktari Semvua, mzaliwa wa Handeni, kwa Wazigua, aliinua kichwa polepole.

"Tumekusanyika hapa kumzika mkubwa huyu, Mara Hamsini. Marehemu alikuwa na maringo! Alipita makongamano ya Ulaya kifua mbele, watu wakimpisha njia. Mimi kwetu Mgeta tunashusha nyanya mpaka kwenye lori, kuna daraja la gogo, anapita mtu mmoja mmoja. Mkiwa wapagazi wengi lazima muwe na filimbi: mmoja anasimama, anapiga, anasubiri, anaruhusiwa, anavuka. Sasa marehemu, ili aonekane ana kasi, alishindana na nani? Alimchukua mpagazi mmoja, peke yake njia nzima, akampa filimbi. Maskini ya Mungu kila akifika darajani anasimama, anapiga filimbi, anawasubiri wenzake ambao hawapo, anajiruhusu mwenyewe, anavuka. Halafu marehemu anatamba, 'Nimempita mara hamsini!'"

Kuna aliyecheka kwa pua na kujinyamazisha haraka. Godlisten alikuwa ameshika tai yake kwa mikono miwili. Daktari Semvua alivua miwani.

"Mwalimu Banzi," alisema, na sauti yake ilikuwa baridi. "Unajua unazungumza na nani?"

Magoti ya Yuliana yalitaka kukunjika yenyewe, kwa mazoea. Aliyakaza.

"Nazungumza na Mzigua."

Uso wa daktari ulipigana wenyewe kwa wenyewe kwa muda, daktari akivuta huku na Mzigua akivuta huku, maana mtani akikasirika aibu ni yake na watu wa Handeni hulijua hilo kabla hawajajua kusoma. Mwishowe alisimama, akaja mbele mpaka kwenye lile kongwe.

"Mashine yako siyo tuliyotumia sisi," alisema.

"Kweli. Yangu ni mgonjwa, sikiliza anavyokohoa. Hiyo ni nafuu kwa marehemu, si kwangu."

"Wakati ule kila mtu alikuwa anapima hivyo."

"Hata mjomba wangu alisema kila mtu Mgeta anapanga tenga hivyo."

Hapo darasa likashindwa kujizuia. Daktari Semvua hakucheka. Aliinama, akasoma programu ya kishamba mstari kwa mstari, akaiendesha mwenyewe. Feni ilikohoa, namba zikatoka. Akabadilisha rundo la namba akaiendesha tena, kisha akaishika pepa yake akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha na kusoma yale maandishi madogo chini ya jedwali, ambayo kwa jinsi alivyoyasoma ilionekana wazi hakuwa ameyatazama tangu ujana wake. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi kilichokuwa karibu. Yuliana alimwona amezeeka ghafla, akamwonea huruma, na akajua amefeli.

"Pepa hii naipa darasa kila mwaka," Daktari Semvua alisema taratibu. "Kila mwaka mtu anasimama hapo anaisifia, nami naondoka nimefurahi." Alisugua macho. "Kumbe miaka yote hii nimekaa na maiti sebuleni, na kila mgeni akija ananiambia jinsi anavyonukia vizuri."

Alianza kucheka, kwanza kidogo, halafu kicheko kikubwa cha kijijini kilichomtoa machozi, na Godlisten akacheka kwa sauti kuliko wote ili isionekane alikuwa upande gani.

"Umepita, Mwalimu," daktari alisema alipopata pumzi. "Umepita vizuri sana. Keti." Yuliana alikuwa anakishika kiti aliposikia, "Hapana, subiri kwanza."

Daktari Semvua alikuwa anapekua mkoba wake. Alitoa karatasi zilizobanwa pini ambazo Yuliana alizitambua: pendekezo lake la utafiti, alilompelekea muda mrefu uliopita na ambalo lilikuwa limejaa, alivyoamini yeye, mambo mazuri matupu. Juu ya ukurasa wa kwanza daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, "Kazi nzuri." Aliyatazama maneno hayo yake mwenyewe kwa kitambo. Akayakata kwa mstari mmoja.

"Hata sikuifungua," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Alivuta meza mbili akaziunganisha, akazimwaga kurasa zote juu yake na kuwaita wengine wasogee. Halafu akamtazama Yuliana aliyesimama na kanga kiunoni.

"Waluguru," alisema, "poleni na msiba."

Yuliana alivuta kiti chake karibu, akaketi mahali pa wafiwa, huku akijifuta macho kwa pindo la kanga.